Malalamiko Yangu Yote Yameshawahiwa

Pale kijiweni kwetu Lusu, Nzega, chini ya mwembe, ukitaka kunyamazishwa sema neno lolote kuhusu leo. Sema sukari imepanda, utaambiwa enzi zao kilo moja ilimaliza mwezi. Sema vijana wa bodaboda hawajui breki, utaambiwa enzi zao kijana alishuka kwenye baiskeli akampisha mzee. Sema mvua imekata, utaambiwa enzi zao mvua ilikuwa na adabu, inakuja ikiitwa na inaondoka ikiagwa. Mimi mwenzenu mvi ninazo, lakini bado sijakabidhiwa "enzi zangu", kwa hiyo nakunywa kahawa na maneno nayameza humo humo.

Sifa zenyewe haziniudhi. Kila mzee ana haki ya kujisifu. Kinachoniudhi ni kwamba kesi hii haina shahidi wa upande wa pili. Shahidi wa mzee ni mzee mwenzake, na wote wawili walikuwa vijana pamoja, tena nasikia hawakuwa vijana wa kuigwa.

Basi shahidi nimempata. Yuko chumbani kwa Baba Mkubwa, na miaka yote hii alikuwa anatazamana na kitanda.

Baba Mkubwa ndiye mwenyekiti asiyechaguliwa wa kijiwe kile. Ujanani alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba, na karani wa pamba alikuwa mtu wa gazeti. Lilimfikia limechelewa, limekunjamana, limeshasomwa na dereva wa lori na utingo wake, lakini lilimfikia. Akishalisoma hakulitupa. Alilipaka uji wa muhogo akalibandika ukutani, kama walivyofanya wengi wenye nyumba za matofali ya udongo. Lilizuia vumbi, lilizuia baridi ya Julai, na lilimwambia mgeni, kabla hajakaribishwa kiti, kwamba mwenye nyumba anajua kusoma. Tabaka likichakaa, juu yake likaja jingine.

Sasa watoto wake walioko Mwanza na Dar es Salaam wametuma pesa. Wanataka lipu, rangi na dari ya jipsamu. Fundi akaja, akagonga ukuta kwa kidole, akasema saruji haishiki kwenye karatasi, lazima ibanduliwe yote. Ukoo mzima ukanigeukia mimi. "Wewe si ndiye mtu wa magazeti?" Hiyo ndiyo heshima ya uandishi katika familia yetu: nikakabidhiwa beseni la maji na kisu butu.

Kubandua chumba kile ni kazi ya nusu siku kwa mtu asiyejua kusoma. Mimi fundi alirudi na mchanga wake akanikuta bado niko kona ya mlango. Baba Mkubwa hakubandika kwa kufuata maandishi, alibandika kwa kufuata nyufa. Ukurasa mmoja umesimama, mwingine umelala ubavu, mwingine uko kichwa chini miguu juu. Habari za mkutano wa chama nilizisoma nimepiga magoti. Matokeo ya mpira niliyasoma nimelala chali. Barua moja ya msomaji niliifuata mpaka uvunguni, huko nikakuta mchwa wameshakula jina la mwandishi pamoja na hoja yake ya mwisho, ambayo kwa jinsi alivyokuwa anapandisha hasira ilikuwa inakuja nzito. Shingo yangu hadi leo inageukia upande mmoja.

Karibu na dirisha niliikuta ahadi ya maji. Wenye kumbukumbu wanaijua. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, na lengo lilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Nilisoma mara mbili, nikatoka nje nikasimama uani nikihesabu kwa macho. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika miji ya Tabora, Igunga na Nzega ulikuja kuzinduliwa Januari 2021, miaka 30 baada ya ile tarehe ya ukutani. Sisemi kwa ubaya, bomba la kutoka ziwani ni refu na huku kwetu hakuna mteremko wa kulisaidia. Nasema tu kwamba chini ya ahadi ile ile, kwa herufi ndogo, kuna msomaji anauliza pampu ya kijijini kwao itatengenezwa lini. Habari ya juu ni ya waziri, ya chini ni ya mtu mwenye ndoo. Baba Mkubwa alizibandika zote mbili, akalala chini yake miaka nenda miaka rudi, na leo ananiambia enzi zao maji hayakuwa shida.

Nikamwita.

"Shikamoo Baba Mkubwa. Hebu njoo unisomee hapa."

"Marahaba. Miwani sina."

Miwani alikuwa nayo kwenye paji la uso.

Ukuta wa mashariki ndio uliotaka kunivunja mbavu. Huko kuna tabaka la magazeti ya Uhuru na Ngurumo la mwishoni mwa miaka ya 1960. Wewe kijana Ngurumo hulijui. Lilianza Dar es Salaam mwaka 1959, likauzwa senti kumi, likazimika mwaka 1976, na katikati hapo hakuna gazeti lililosomwa mitaani kama lile. Basi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari mosi 1969, marufuku sketi za mini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Hata kabla ya tarehe kufika, vijana wenye bidii kuliko sheria walishaanza kuwaandama wanawake Kariakoo.

Barua zikamiminika magazetini. Wapo walioshangilia kwamba utamaduni umeokolewa. Wapo waliouliza utamaduni huo ni upi, maana mavazi ya bibi zao yalikuwa mafupi kuliko hiyo mini yenyewe. Wapo waliouliza suti na tai za waheshimiwa zilitoka kijiji gani. Na wapo waliouliza kwa nini wanaume kila wakitaka kuliokoa taifa wanaanzia kwenye nguo ya mwanamke. Swali hilo la mwisho nililisoma kwa sauti. Mama Mkubwa, aliyekuwa ameniletea michembe ya kutafuna, akasimama mlangoni na sahani mkononi akaniambia nirudie.

Juu ya ukurasa huo, kwenye msumari, imening'inia picha ya Baba Mkubwa ya miaka michache baadaye. Nywele zimepanda juu mpaka zimekatwa na fremu. Miguuni raizoni. Suruali ni bugaluu, na chini ni pana kiasi cha kufagia ofisi nzima ya chama cha msingi bila kuinama. Na huyu ndiye kila wiki anawasimamisha wajukuu wa jirani awaambie mlegezo ni dalili ya mwisho wa dunia! Nikamwonyesha picha, nikamwonyesha na barua. Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba yeye alipoteza kitambaa chini na hawa wanapoteza mkanda juu, lakini lawama ni ile ile.

"Ile ilikuwa fasheni," akasema. "Hii ni kukosa malezi."

Nikazidi kubandua. Chini kabisa, upande wa kichwani mwa kitanda, kuna kurasa alizorithi kwa baba yake, zimegeuka rangi ya hudhurungi na zinakatika ukizigusa. Hizo ni za Mambo Leo. Gazeti hilo lilianza Januari 1923, likitolewa Dar es Salaam na Idara ya Elimu ya serikali ya Mwingereza, na nia ya serikali ilikuwa kufundisha watu kilimo, usafi na utii. Wasomaji walipokea mafundisho wakashukuru, halafu wakaligeuza baraza lao. Wakaandika kuhusu mahari. Wakaandika kuhusu pombe. Wakaandika kuhusu vijana wa mjini wanaovaa kuliko mishahara yao, na kuhusu dansi, na kuhusu nani amestaarabika na nani anajifanya. Wengine waliandika hayo yote kwa mashairi, vina na mizani vimetimia, ili hata anayetukanwa asifu ufundi. Mtu anarusha swali kwa beti, anasubiri mwezi mzima gazeti lije, anajibiwa kwa beti nyingi zaidi. Sisi leo mtu akichelewa kujibu ujumbe dakika chache tunamfungulia kesi.

Kwa hiyo hesabu iko hivi. Baba Mkubwa anasema vijana wameharibika sasa. Ukuta unasema waliharibika mwaka 1968, yeye akiwemo. Tabaka la chini linasema walishaharibika kabla yeye hajazaliwa. Na ukuta haukufika hata mwanzo wa safari. Kabla ya Mambo Leo lilikuwepo Kiongozi la Tanga, lililochapwa katika shule ya serikali ya Wajerumani kuanzia mwaka 1904, na walimu na makarani wa bara walikuwa wakilitumia habari za huku. Kabla yake lilikuwepo Msimulizi la wamisionari wa Unguja, mwaka 1888. Na kabla ya magazeti kulikuwa na misafara. Wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe na vitambaa kati ya Unyanyembe na Bagamoyo, na wakipunjwa posho waliweka mizigo chini, au waliondoka usiku wakamwacha mwenye mali analinda pembe zake mwenyewe. Posho imelalamikiwa Tabora kabla reli haijafika, na reli ilifika mwaka 1912.

 

Hapo ndipo uchungu wangu wa kweli ulipoanza, na huu haumhusu Baba Mkubwa. Mimi naishi kwa kulalamika. Safu hii ndiyo shamba langu. Nilikuwa na daftari limejaa malalamiko mapya, ya kunitosha mpaka masika. Nilikuwa niandike kuhusu mizani ya mnunuzi wa mazao ambayo gunia likipanda, kilo zinashuka. Ipo ukutani. Nilikuwa niandike kuhusu malipo ya pamba yanayokuja mkulima ameshakopa mpaka kwa mkwewe. Ipo. Basi linalosema limejaa huku utingo bado anaita abiria: ipo, tena kwa lugha safi kuliko yangu. Zahanati yenye daktari bila dawa, na nyingine yenye dawa bila daktari: zipo, kurasa mbili tofauti, Baba Mkubwa kaziweka pamoja bila kukusudia. Karani anayekwambia njoo kesho: huyo yupo katika kila tabaka, nadhani ni mtu mmoja. Nikajipa moyo kwamba angalau nitaandika kuhusu watu wa siku hizi wanavyolalamika sana. Ipo pia, juu ya swichi ya taa.

Hata kuchekesha nimewahiwa. Tangu mwaka 1967 Christian Gregory alikuwa akimchora Chakubanga katika Uhuru, na kwa kibonzo kimoja Chakubanga aliwapata wavivu, walevi na wakubwa ambao tahariri ya pembeni iliwazunguka kwa safu mbili nzima. Nilimkuta kwenye kizingiti, nusu ya kichwa imefutika, bado anachekesha. Mimi nina kichwa kizima na mhariri wangu hacheki.

Tabaka la miaka ya 1980 ni jembamba. Gazeti lenyewe lilipungua kurasa, maana hata karatasi ilikuwa ya kutafutwa. Mwaka 1983 juu kuna vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, herufi kubwa, mishale ya wino. Chini kuna barua: sabuni, chumvi, betri za redio, tairi za baiskeli. Na hapa namshika Baba Mkubwa kwenye hoja yake anayoipenda kuliko zote, kwamba enzi zile bei zilidhibitiwa, mfanyabiashara hakuthubutu. Ni kweli kabisa. Bei ilikuwa nzuri sana, bidhaa ndiyo haikuwepo. Nilipomweleza hivyo akaanza kunieleza uzalendo, lakini Mama Mkubwa akaingilia kutoka jikoni.

"Mwulize alikuwa wapi mimi nikifua mashati yake kwa majani ya mpapai."

Baba Mkubwa akakumbuka kwamba ana mtu anamsubiri kijiweni.

Niseme na upande wa pili, msije mkadhani nimeuabudu ukuta. Gazeti halikusema yote, na lililosema lilipita kwanza mezani kwa mtu. Mambo Leo lilikuwa la serikali ya mkoloni, Uhuru lilikuwa la chama, na mhariri wa gazeti la namna hiyo hana haja ya kukataza lalamiko. Analiweka tu chini ya tangazo la baiskeli. Halafu tazama nani anaandika. Mwalimu, karani, askari, fundi wa reli. Chumba kizima kile sikuona barua hata moja ya mwanamke wa Lusu. Mama Mkubwa maneno hakukosa, nyinyi wenyewe mmemsikia. Lakini gazeti lilikuja kwa jina la mumewe, stempu ilikuwa kwenye droo ya mumewe, na kalamu ilikuwa nyuma ya sikio la mumewe. Majani ya mpapai hayakuingia gazetini. Nayaandika mimi leo, yamechelewa kama pamba.

Lusu yenyewe iliingia magazetini kwa kishindo ilipotoa dhahabu tu, mwishoni mwa miaka ya 1990, mgodi wa Golden Pride ulipoanza. Ghafla tukawa watu wa ukurasa wa biashara: wakia, mrabaha, mwekezaji. Hakuna aliyeuliza kisima kiko umbali gani. Mgodi ulipofungwa waandishi wakapanda basi wakaondoka, na kurasa hizo hazikuwahi kubandikwa, kwa kuwa wakati huo Baba Mkubwa alishanunua kalenda.

Sasa nawatazama wajukuu wake. Malalamiko yao hayako kwenye karatasi yoyote. Yako kwenye kundi la simu la kijiji, kwa ujumbe wa sauti, kuku wanalia nyuma. Mtu anaeleza transfoma ilivyoungua, mwingine anamjibu kwa picha ya paka anayecheka, msimamizi anafuta vyote viwili kwa sababu ni Ijumaa na tunatakiwa tuombeane. Simu ikiingia kisimani, miaka mitatu ya historia ya Lusu imezama. Wajukuu wa wajukuu hawa watakuja kuambiwa kwamba enzi zetu umeme haukukatika, nauli haikupanda na vijana walisikiliza wakubwa. Hawatakuwa na ukuta wa kubandua. Wataamini.

Lipu imeshapigwa. Ukuta ni mweupe, laini, na hauna la kusema. Baba Mkubwa anaupenda sana; anasema chumba kimekuwa na amani. Kurasa zilizobanduka nzima nimezianika juani, nimezipiga pasi kwa mkaa, nimezifunga kwa kamba ya katani. Nyingi hazina tarehe, lakini ukizisoma utajua mwaka kwa bidhaa iliyoadimika.

Nanyi mlio na sanduku la magazeti ya marehemu chini ya kitanda, nawaomba msiliuze kwa kilo. Pale Tabora mjini ipo maktaba ya mkoa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa Afrika Mashariki unaotunza magazeti ya zamani. Mkiona ni mbali, Lusu nipo. Na kama muuza maandazi ameshafika mlangoni na shida imebana, mpeni ukurasa wa hotuba. Ukurasa wa barua niwekeeni mimi.